Mwalimu na Sikio la Porini

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa na masikio mawili kama watu wote, ila yeye aliyagawia kazi. La kulia aliliita la kanisani, la kushoto la porini. Ukitaka akusikie ulikaa kulia kwake. Ukitaka kumsengenya ulikaa kushoto, na wengi wetu tulianzia huko.

Nimeimba chini yake miaka tisa, sauti ya pili, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa tunaloazima Jumapili mchana wenyewe wakishamaliza ibada yao. Wenyewe ni wachache na wazee, sisi ni wengi na wenye makelele, lakini walituachia ukumbi, jiko, na piano yenye vitufe vitatu visivyolia. Kwaya karibu yote ni Wakongo na Warundi. Watanzania tupo watatu, na mimi ni mtu wa Kigoma. Mwalimu hakuniita kwa jina hata siku moja. Nilikuwa Mama Alto, na mume wangu akawa Papa Alto, ingawa hajawahi kuimba hata bafuni.

Kabla ya mazoezi alifunga madirisha, akaingia jikoni, akachomoa waya wa friji. Alisema friji inaimba nota yake na inawavuta watu wa besi. Mara mbili alisahau kuuchomeka, maziwa ya wenyeji yakaganda, mimi nikatumwa kwenda kuomba radhi kwa sababu Kiingereza changu ndicho kilichoonekana kina adabu. Friji ikishanyamaza alitembea mbele ya safu zetu amefumba macho, sikio la kanisani limetangulia, taratibu, mpaka asimame mbele ya mtu mmoja.

“Unashuka,” alisema.

Basi. Hakueleza zaidi. Ukijitetea kwamba sauti yako haijaanguka chini ya nota alikupa msemo wake, kwamba mwenye kushuka hajijui, ndiyo maana Mungu aliumba mwalimu. Nimeona akina mama wenye wajukuu wakilia kwa neno hilo moja. Sitasema uongo, na mimi nimelia.

Uongo ndicho kitu alichokichukia kuliko sauti mbovu. Mwimbaji mmoja wa tena, ile sauti ya tatu, aliwahi kupiga simu kwamba anaumwa homa, kumbe jioni ile ile akaonekana kwenye video akicheza arusini Ottawa. Mwalimu alimketisha na waumini miezi mitatu, bila kuimba, na kila Jumapili alimwuliza mbele ya watu kama homa imepungua. Nilimwona mkali mno. Nilimwambia, akanijibu kwamba kwaya yenye mwongo mmoja haiwezi kukaa kwenye sauti. Nikumbusheni neno hilo baadaye.

Sasa mtu huyo huyo alikuwa mwindaji. Alikaa kwenye maghorofa ya St. James Town, hapa Canada, ghorofa ya kumi na tisa, chumba kimoja na sebule, na ukutani amefunga kabati la chuma la bunduki kwa skrubu nene kama vidole vyangu. Ufunguo aliuvaa shingoni. Karatasi zake zote, za kozi ya usalama wa silaha, za kozi ya uwindaji, leseni, kibali cha mwaka, zilikuwa kwenye faili la plastiki lililopangwa kuliko Biblia yake. Mtihani wa bunduki alifaulu mara ya kwanza. Mtihani wa gari ulimshinda mara nne, kwa hiyo kila Novemba nilimwendesha mimi kwenda kaskazini kwenye mapori ya swala wa huku. Nilibaki garini na blanketi na mshono wangu mpaka nisikie mlio.

Watu walimwuliza inakuwaje mtu aliyekimbia bunduki Kivu aje kununua nyingine huku. Wengine waliuliza kwa dharau, na mimi mwanzoni nilikuwa mmoja wao. Alijibu kwa upole usio wa kawaida yake.

“Ile ya kule ilikuwa inanitafuta mimi. Hii iko na karatasi, na ninaifunga na kifunguo.”

Nyama aliyorudi nayo haikuuzwa hata kipande. Sheria ya hapa hairuhusu kuuza nyama ya porini, na mwenye mgahawa mmoja aliyemfuata kwa kunong'ona alifukuzwa kwenye lifti. Nyama ilikuwa ya kwaya, na iligawiwa kwa sauti. Maini yalikwenda kwa soprano kwa sababu, alisema, wanahitaji damu ya kupandia juu. Besi walipata miguu. Watu wa tena walipata mbavu, walalamike vizuri. Sisi alto tulipata shingo kila mwaka, na kila mwaka nilimwuliza tumemkosea nini.

Kwa nini sikio la kushoto ndilo liliharibika, alinieleza mwenyewe. Mtu anayelenga kwa bega la kulia huinamisha kichwa kwenye kitako cha bunduki, na sikio la kushoto ndilo linalobaki limeelekea mdomo wa mtutu. Kila mlio linaupokea lenyewe. Dawa ipo, nayo ni rahisi: viziba masikio. Alikuwa navyo. Alivivaa shingoni. Alisema swala husikika kabla ya kuonekana, jani moja, kijiti kimoja, na mtu aliyejiziba masikio anawinda kwa macho tu kama mtalii. Tulimchangia vile vya betri vinavyokuza sauti ndogo na kuzima kubwa. Alivijaribu asubuhi moja, akasema pori zima linasikika kama redio mbovu, akavirudisha kwenye boksi. Nikamwambia sikio la kufa halisikii dawa. Alicheka sana, akaniomba nirudie kwa upande wa kulia.

Kicheko kiliisha tulipokwenda kupimwa. Nilimsindikiza nimtafsirie. Mpimaji alimfungia kwenye kijumba cha kioo, akamwambia abonyeze kitufe kila anaposikia mlio. Mimi nilikuwa nje, milio naisikia hadi pale, na Mwalimu amekaa ametulia, kidole hakigusi kitu. Nilitamani kumgongea kioo. Mpimaji alisema la kushoto limekwisha kabisa kwa sauti za juu, na la kulia limeanza kulifuata. Aliuliza kazi yake, nikataja kiwanda cha madirisha, kwaya, na uwindaji. Akatikisa kichwa, akasema katika nchi nyingine wawindaji hufunga kizuia mlio mbele ya bunduki, hapa hairuhusiwi, basi avae viziba au aache.

Ni heri asingesema. Kuanzia siku hiyo Mwalimu alisoma habari za silensa, kama alivyoiita, kuliko alivyowahi kusoma nota. Tulihubiriwa wakati wa mapumziko ya chai. Si kama sinema, alisema, bunduki haiwi bubu. Bado inapiga kelele ya kumwamsha jirani, ila makali yanayoua sikio yanapungua, na bega halipigwi sana. Risasi yenyewe inakimbia kuliko sauti, inapasua hewa, na mpasuko huo hakuna bomba linaloweza kuuzima. Nchi za Ulaya kaskazini kinauzwa dukani karibu na mabuti. Marekani unajaza fomu, unasubiri, na bei yake yaweza kulingana na ya bunduki nzima. Canada, mtu wa kawaida akiwa nacho ni kosa la jinai, hata kama hajakifunga popote, hata kama kimelala kabatini chini ya soksi.

“Gari ukiitoa silensa, polisi anakukamata juu ya makelele,” alisema. “Bunduki ukiiwekea, anakukamata juu ya kunyamaza.”

Alimwandikia mbunge barua ya kurasa nne, nikamsaidia Kiingereza. Akajibiwa kwa mistari mitatu kwamba maoni yake yamepokelewa kwa shukrani. Barua hiyo nayo aliitia kwenye faili la plastiki.

Sijasema bado kilichokuwa kinamsukuma. Mwalimu alikuwa na binti kwenye kambi ya wakimbizi, kwetu Kigoma, aliyemwacha na bibi yake akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Miaka kumi na minane hawajaonana. Alikuwa amemwombea kuja, na faili lake la uhamiaji lilikuwa limefika mwisho mwisho, vipimo vya afya vimekwisha, wanasubiri neno moja tu. Binti alimtumia ujumbe wa sauti kwenye simu kila juma. Mwanzoni Mwalimu alisikiliza peke yake, amejitenga kwenye ngazi. Baadaye akaanza kunipa simu. Alisikia sauti inapita lakini maneno yanaponyoka, na alinitazama midomo nilipomrudishia: anasema bibi anaendelea vizuri, anasema mvua, anasema na yeye anaimba kwaya ya kambini, soprano. Hilo la soprano aliniomba nilirudie mara tatu.

Tulipotimiza miaka kumi ya kwaya tulimfanyia Mwalimu sherehe. Nanyi mnajua desturi yetu: zawadi haipelekwi nyumbani kimya kimya. Inafunguliwa hadharani, inainuliwa juu, inatajwa, ili mtoaji asiibiwe baraka yake. Kazi hiyo ni yangu, mimi na kipaza sauti. Nilifungua mashuka, nikafungua sufuria, nikafungua saa ya ukutani. Ndipo mpwa wake aliyetoka Ohio, Marekani, kwa gari siku iliyotangulia akaniletea boksi lililofungwa kwa karatasi ya maua. Kijana alikuwa na nia njema. Kwao kilichomo alikinunua kihalali, kwa fomu, na kupita nacho darajani mpakani hakukuona tofauti na kupita na jozi ya viatu. Zawadi ni zawadi.

Ndani kulikuwa na bomba jeusi, urefu wa kiganja na nusu, zito, upande mmoja lina nyuzi za skrubu. Sijawahi kukishika kitu kile maishani lakini picha yake Mwalimu alishanionyesha mara mia. Mbele yangu simu sita zimeinuliwa, na moja inarusha moja kwa moja kwa ndugu wa Bujumbura na wa kambini. Mwalimu alikuwa kwenye kiti cha heshima, hatua tatu kutoka kwangu. Nilimwona akikitambua. Alifurahi kwanza, nimeona kwa macho yangu. Hofu ilimjia baadaye.

“Chupa ya chai!” nikatangaza. “Mwalimu asipigwe na baridi porini!”

Vigelegele. Mpwa akafungua mdomo kunisahihisha, nikampiga jicho, akaufunga. Nilikirudisha boksini na kushika sufuria nyingine.

Chini ya ile video mtu akaandika kwamba hiyo si chupa ya chai, mama, akaweka na vikatuni vya kucheka. Usiku ule sikula. Nilimpigia dada aliyeirusha, nikamwambia aifute kwa sababu kilemba changu kilikaa upande. Akaifuta, kwa huruma ya kilemba. Nani aliiona kabla hatujui mpaka leo.

Nilidhani Mwalimu angekiondoa kesho yake. Mpwa alishavuka mpaka kurudi kwao, na kukirudisha kwa njia ile ile ilikuwa hatari mara mbili. Juma likapita, la pili, la tatu. Kwenye mazoezi alipita mbele ya alto bila kusimama, hata siku tuliyoshuka kiasi ambacho mimi mwenyewe nilijua. Hakunitazama. Sikumwuliza, na hilo ni kosa langu.

Jumamosi ya kwanza ya msimu nilimchukua asubuhi kama kawaida. Bunduki nyuma, imefungwa, haina risasi, vizibao vya rangi ya chungwa tumevaa. Miguuni kwake aliweka mkoba wa chai. Tulipita viwanda vya mwisho vya jiji, mashamba yakaanza, naye hajasema neno. Mkoba ule aliushika kwa magoti yote mawili. Nikaelewa.

Nilisimamisha gari pembeni mwa barabara. Nikamwuliza kama kilichomo ni chai.

Akasema ni mara moja tu, ajue kama kweli kinasaidia.

Nilimsema siku ile. Nilimwambia akikamatwa nacho si yeye peke yake, na mimi dereva nimo. Nilimwambia mtoto wa watu anangoja neno moja kambini, na baba anayemwombea anatembea na jinai kwenye mkoba wa chai. Nilimwuliza anataka nini.

“Ninataka nimusikie akifika,” alisema. “Nikiendelea hivi, atakuja na sitamusikia.”

Nikamwambia basi aache kuwinda, kwani lazima? Hapo ndipo alinigeuzia uso wote.

“Mama Alto, kazini kila mutu ananiambia, rudia. Dukani, rudia. Hata kwa mulango wa lifti. Kule porini hakuna mutu ananiambia nirudie.”

Kabla sijamjibu, gari la polisi likasimama nyuma yetu.

Askari alikuja kwa dirisha la upande wa Mwalimu, ambao kwa magari ya huku ni wa kulia, wa sikio zima. Aliuliza kama tumeharibikiwa. Nikasema hapana, tumesimama tuzungumze kidogo. Akaona vizibao, akauliza kama tunaenda kuwinda, akaomba leseni. Mwalimu akampa faili zima. Askari alilifungua, akafunua karatasi moja moja, akafika hata kwenye barua ya mbunge, akaisoma. Mimi nilikuwa nahesabu magari yanayopita ili nisitazame chini. Alirudisha faili, akasema hajawahi kuona mtu aliyejipanga namna ile. Kisha akaelekeza kidole kwenye mkoba, akauliza kama tumebeba kahawa ya kutosha, maana baridi leo ni kali.

“Chai,” Mwalimu akajibu.

Askari akatutakia swala mkubwa, akaondoka. Mwalimu alibaki ameshika faili, mtu aliyemketisha mwenzake miezi mitatu kwa homa ya uongo. Machozi yalimtoka bila sauti. Niligeuza gari tukarudi mjini.

Jumatatu tulikwenda kwa wakili wa msaada wa bure. Mama yule alitusikiliza hadi mwisho, akaweka kalamu chini, akasema kitu kile kisiguswe tena, kisipelekwe popote, yeye ndiye atakayepiga simu polisi waje kukichukua. Alituambia ukweli: wanaweza kukichukua tu, au wanaweza kumfungulia kesi, na kesi inaweza kulikwamisha faili la binti. Mwalimu aliniomba nitafsiri mara mbili, ingawa naamini alisikia mara ya kwanza.

Wakaja polisi wawili, wakili yupo, mimi nipo. Walikagua kabati la chuma, wakakagua jikoni, majirani wakichungulia koridoni. Waliuliza amekipata wapi. Wakili akamwambia halazimiki kujibu. Alisema alipewa zawadi, akakubali kosa la kukaa nacho, lakini aliyempa hakumtaja. Walikichukua, wakachukua na bunduki, wakamwachia karatasi.

Miezi mitano. Hakuna barua ya polisi, hakuna neno la uhamiaji. Alikonda hadi kizibao cha kwaya kikamning'inia. Aliacha kunipa simu nimsikilizie. Nadhani aliogopa binti asije akauliza kwa nini lile neno moja linachelewa. Mazoezi alikuja, lakini friji hakuichomoa tena, na sisi tuliimba na nota yake ile chini yetu, hakuna aliyekuwa na moyo wa kwenda kuichomoa.

Barua ilipokuja ilisema hafunguliwi kesi, na bunduki akaichukue akitaka. Hakuifuata. Mwaka ule kwaya haikupata nyama, na watu wa tena walilalamika bila mbavu. Binti akaruhusiwa baada ya hapo, akaja mwezi wa nane, mrefu kuliko baba yake.

Nimalizie kwa Jumapili iliyopita. Mwalimu sasa anavaa kifaa cha sikioni anachokitukana kwa Kifaransa. Alimpanga binti mwisho wa safu ya soprano, mkono wa kulia, karibu na anaposimama. Tukaanza wimbo. Binti anaimba kwa nguvu, kwa furaha, uso wote unang'aa, na anashuka. Anashuka tangu neno la kwanza. Soprano wote walinitazama mimi, kisha wakatazama sakafu.

Mwalimu akafumba macho, akaanza kutembea kama zamani, sikio la kanisani limetangulia. Akafika kwa binti. Akasimama. Wimbo ukakatika.

“Mama Alto,” akaniita. “Anashuka?”

“Hashuki, Mwalimu.”

Akafumbua macho. Akanitazama, akawatazama soprano na nyuso zao zilizoinama, akanirudia mimi.

“Na hiyo iko chupa ya chai?”

Hakungoja nimjibu. Alimshika binti bega, akamsogeza mpaka mdomo wake ukakaribia kabisa sikio la kulia, akamwambia aanze peke yake. Binti akaimba mstari mzima, chini ya sauti kutoka mwanzo hadi mwisho, na Mwalimu alikuwa amefumba macho tena. Ulipokwisha tulingoja lile neno lake.

“Rudia, mama,” akamwambia.

Binti akarudia.